Niliugua saratani nikapona. Je, naweza kubeba mimba?

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka mingi: kwenye benchi la kliniki, koridoni, kwa simu za usiku, mengine yakiulizwa kwa sauti ya chini kwa sababu mama mkwe amekaa jirani. Mimi ni mkunga, si bingwa wa saratani. Kazi yangu imekuwa kumwandaa mwanamke kabla hajaingia kwa daktari, ili dakika zake 10 zisiishie kwenye salamu. Majibu mengi hapa yanaanzia kwenye "inategemea", lakini kila mara nitajitahidi kusema inategemea nini.

Mimba itairudisha saratani?

Kwa saratani nyingi, ushahidi uliopo unasema hapana. Nianze na saratani ya titi, maana ndiyo inayoulizwa zaidi na ndiyo iliyotiwa hofu kuliko zote. Hofu hiyo haikuokotwa barabarani. Saratani nyingi za titi hulishwa na homoni ya estrojeni, na mimba huipandisha estrojeni kuliko wakati mwingine wowote wa maisha ya mwanamke. Ilionekana ni sawa na kumwagia mafuta ya taa jiko ulilodhani limezimika. Ndiyo maana madaktari wa zamani waliwaambia wanawake "usizae tena", wakafunga faili.

Wapo waliozaa hata hivyo. Wakafuatiliwa, na hesabu haikuja kama ilivyoogopwa: waliobeba mimba baada ya matibabu hawakurudiwa na ugonjwa zaidi ya wenzao ambao hawakubeba. Wakosoaji wakasema, labda hao waliobeba ndio waliokuwa na afya nzuri tangu mwanzo. Pingamizi la haki kabisa. Kwa hiyo ukafanyika utafiti wa kuwafuata wanawake kuanzia siku wanapoamua kutafuta mtoto, ukaitwa POSITIVE, ukiongozwa na Dkt. Ann Partridge wa Boston, na matokeo yake yakachapishwa 2023. Wanawake 516, wote wa miaka 42 au chini ya hapo, wote wenye saratani ya titi inayolishwa na homoni, wote wakiwa wameshatumia dawa za kuzuia homoni kwa miezi 18 hadi 30. Wakaruhusiwa kuzisimamisha kwa muda usiozidi miaka 2. Katika miaka 3, saratani ilirudi kwa asilimia 8.9 yao. Katika kundi la kulinganisha, lililotokana na tafiti za awali, ilikuwa asilimia 9.2. Na watoto 365 walizaliwa.

Kabla hujapiga vigelegele, sikiliza mawili. Karibu wote katika utafiti huo walikuwa wamegundulika katika hatua ya kwanza au ya pili, ilhali kwetu wengi hufika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa na tezi za kwapani zimevimba. Huwezi kuchukua matokeo ya mwenzako wa hatua ya kwanza ukajivika wewe wa hatua ya tatu bila kuongea na daktari wako. La pili: saratani inayolishwa na homoni ni ya kuvizia, inaweza kukaa kimya miaka 10 au hata 20 kisha ikaamka, na wanawake wale bado wanaendelea kufuatiliwa.

Kwa hiyo niache vidonge nianze kutafuta?

Usiache kimyakimya. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi: mtu anameza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, mwaka mmoja, anasikia kuna mama amezaa salama, anavitupa vidonge kabatini na hamwambii mtu. Tamoksifeni ni dawa ya miaka 5 hadi 10. Kinachoweza kuruhusiwa ni kuisimamisha kwa mpango, kuzaa, kisha kuirudia. Hapo kwenye kuirudia ndipo wengi wanapopotelea, kwa sababu mtoto analia, unga umeisha, na kliniki ya saratani iko mbali.

Ukisimamisha leo, usitafute mimba kesho. Dawa hii hukaa mwilini na inaweza kumdhuru mtoto anapoumbika. Katika POSITIVE walisubiri miezi 3. Wako madaktari wanaotaka zaidi.

Na jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: tamoksifeni si kinga ya mimba. Ni ndugu wa klomifeni, ile dawa wanayopewa wanawake wanaohangaika kupata mtoto ili mayai yapevuke. Hedhi inaweza kuyumba au kupotea na bado ukashika mimba. Wakati wa kusubiri, kwa aliyeugua saratani ya titi, kitanzi cha shaba kisicho na homoni, au kondomu, ndiyo njia. Vidonge vya majira, sindano na vijiti viepuke.

Kwa nini kila mtu anataja kusubiri miaka 2 kabla ya mimba?

Kwa sababu tatu ambazo watu huzichanganya kuwa moja. Kwanza, dawa zitoke mwilini. Pili, yai huchukua miezi mingi kupevuka, kwa hiyo mayai yaliyokuwa njiani wakati unatundikiwa dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, ni bora yapite. Walioshika mimba kabla ya mwaka kuisha tangu kemo wameonekana kuzaa watoto njiti zaidi. Tatu, na hii ndiyo nzito, saratani nyingi kali zikirudi hurudi mapema. Hakuna anayetaka ugonjwa urudi ukiwa na mimba ya miezi 5, halafu kila dawa na kila kipimo kiwe mjadala wa watu wawili.

Kwa hiyo miaka 2 si sheria ya Musa. Kwa saratani ya titi isiyoitikia dawa za homoni wala dawa za HER2 (protini iliyo juu ya seli za baadhi ya saratani za titi), ambayo huwapata sana wanawake wa asili ya Afrika, hatari kubwa iko katika miaka 3 ya mwanzo, kisha inashuka sana. Kwa mwenye miaka 40 na mayai yanayopungua, kusubiri nako kuna gharama yake. Mwambie daktari umri wako kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Nilichomwa Herceptin.

Herceptin ni dawa ya saratani ya titi yenye HER2. Subiri miezi 7 baada ya dozi ya mwisho. Dawa hiyo hupunguza maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na mapafu ya mtoto yanayahitaji maji hayo ili yakue.

Nilipata ile dawa nyekundu. Kuna shida?

Swali zuri, na wengi hawaulizi kwa sababu wanadhani moyo si habari ya uzazi. Dawa nyekundu ni doksorubisini au ndugu zake. Inaponya wengi, lakini kadiri jumla ya dozi inavyopanda ndivyo inavyoweza kuudhoofisha msuli wa moyo, na udhaifu huo unaweza kujificha kwa miaka. Unapanda ngazi, unafua, unalima, hujisikii kitu. Kisha mimba inakuja, damu mwilini inaongezeka kwa karibu nusu, na moyo unatakiwa kusukuma mzigo ambao haujawahi kupewa.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mimba, fanya eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Kama ulipigwa mionzi ya kifua pia, ndiyo zaidi. Ikitoka vizuri, kuna uwezekano mkubwa utabeba bila shida, na daktari atakueleza kama irudiwe mimba ikiwa imeingia. Ikitoka mbaya, ni heri kujua ukiwa na nafasi ya kuchagua. Kukosa pumzi ukilala chali, miguu kuvimba haraka, moyo kwenda mbio umekaa: kwa mwanamke aliyepata dawa nyekundu, hayo hayaitwi "mimba tu".

Mimi ilikuwa mimba zabibu, ikageuka saratani. Nathubutu vipi kubeba tena?

Ningependa kila aliyepitia hili asome hapa mara mbili, maana ndiyo habari njema kuliko zote kwenye ukurasa huu. Mimba zabibu ni mimba inayokua kama kichala cha vilengelenge badala ya mtoto. Saratani inayotokana nayo, ya kondo la nyuma, inatoka kwenye mimba yenyewe, na ni ya kwanza kati ya saratani za uvimbe (zisizo za damu) kuponywa kwa kemo peke yake: mwaka 1956 huko Marekani, Min Chiu Li na Roy Hertz walitumia methotreksati, dawa ya kemo, kwa mwanamke aliyekuwa mahututi, akapona. Mpaka leo inapona kwa wengi sana, hata ikiwa imefika mapafuni, na kizazi mara nyingi hubaki.

Kinachowachanganya wanawake ni amri ya kutobeba mimba kwa miezi 12 baada ya kemo. Wanaiona kama adhabu. Sababu yake ni rahisi: tunajua saratani hii imelala au imeamka kwa kupima homoni ya mimba katika damu. Ukibeba mimba, homoni hiyo inapanda yenyewe, na mlinzi wetu anakuwa kipofu. Hatuwezi kujua kama kinachopanda ni mtoto au ni ugonjwa. Ndiyo maana tunakusihi utumie uzazi wa mpango mwaka mzima na usikose tarehe za kipimo.

Mwaka ukiisha na vipimo viko safi, tafuta mtoto. Wengi huzaa kama wanawake wengine. Uwezekano wa mimba zabibu kujirudia ni kama mmoja au wawili katika 100. Ukishika mimba, fanya ultrasaundi mapema uone mtoto na mapigo ya moyo, na ukishajifungua rudi kupima ile homoni baada ya wiki 6. Nimewaona wanawake walioitwa majina mtaani, eti walizaa majini, eti wamerogwa zabibu. Hawakurogwa. Ni yai lililorutubishwa vibaya.

Saratani ya mlango wa kizazi je?

Hapa lazima tutenganishe watu watatu, kwa sababu wote huja wakisema "nilikuwa na kansa ya kizazi".

Wa kwanza hakuwahi kuwa na saratani. Alipimwa mlango wa kizazi kwa kupakwa siki, pakaonekana weupe, akagandishwa au akachomwa hapohapo. Hayo ni mabadiliko ya awali, na mtu huyo abebe mimba wala asipoteze usingizi. Wa pili alikatwa kipande cha mlango wa kizazi. Naye anaweza kubeba, ila kipande kikubwa huweza kuulegeza mlango na kuleta uchungu kabla ya wakati, kwa hiyo aseme mapema kliniki. Katika kundi hili wamo wachache waliogundulika na uvimbe mdogo, kwa kawaida chini ya sentimita 2, wakafanyiwa upasuaji wa kuondoa mlango na kuacha mji wa mimba. Upasuaji huo ulibuniwa na Daniel Dargent wa Lyon, Ufaransa, miaka ya 1980. Waliofanyiwa hushonwa uzi wa kushikilia mimba na hujifungua kwa upasuaji.

Wa tatu ndiye wengi wetu. Alipelekwa hospitali ya Ocean Road, Kenyatta au Mulago akapigwa mionzi ya nyonga, ya nje na ya ndani. Dada yangu, sitakuzungusha: baada ya dozi hiyo kamili, mayai huwa yamekufa na ukuta wa kizazi umekakamaa, na mimba haitarajiwi. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wanawake wa aina hii wakiuza mashamba kununua dawa za "kusafisha kizazi". Pesa hiyo ingesomesha mtoto wa ndugu.

Niliugua nikiwa mtoto. Hata faili sina.

Wako wengi kuliko tunavyodhani, hasa waliougua uvimbe wa taya, ule ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958 na ukabeba jina lake. Unaponyeka kwa kemo, na watoto wale sasa ni watu wazima wanaoolewa. Dawa yao kuu, saiklofosfamidi, hula mayai, lakini msichana mdogo ana akiba kubwa kuliko mwanamke wa miaka 38. Wengi huzaa. Wanachopaswa kujua ni kwamba hedhi inaweza kukoma mapema, kwa hiyo aliye tayari kuzaa asiahirishe sana.

Aliyepigwa mionzi ya tumbo utotoni, kwa mfano kwa saratani ya figo, ana habari tofauti: mji wa mimba unaweza kuwa haukukua sawasawa, na mimba ikakatika au mtoto akaja mdogo. Huyo aangaliwe na daktari bingwa wa kinamama tangu mwanzo, si kituo cha afya peke yake. Na kama amebaki na figo moja, presha yake ipimwe kila hudhurio bila kukosa.

Faili limepotea? Muulize mama yako, shangazi, yeyote aliyekulaza wodini. "Nilichomwa mwanga" na "nilitundikiwa maji mekundu" ni maelezo ambayo daktari mwenye masikio anaweza kuyatumia.

Tezi ya shingo, nilikunywa ile iodini yenye mionzi.

Subiri angalau miezi 6, kiwango cha homoni ya tezi kiwe sawa, kisha endelea. Ukishika mimba, nenda wiki hiyohiyo, maana dozi ya kidonge chako cha tezi kwa kawaida hupandishwa.

Hedhi imerudi. Ina maana nazaa?

Ina maana mayai yapo. Haisemi ni mangapi. Na kinyume chake ni kweli: hedhi kutokuja si hakikisho kwamba hutashika. Kuna kipimo cha damu, AMH, kinachokadiria akiba ya mayai, lakini kinafaa zaidi miezi mingi baada ya kemo, na hakijui siku yako ya bahati. Kwa ambao hawajaanza kemo bado: uliza leo, kabla ya dripu ya kwanza, kuhusu kugandisha mayai, au sindano ya kila mwezi ya kuyalaza mayai wakati wa kemo. Kugandisha ni ghali na wengi wetu hatutaweza. Kuuliza ni bure.

Mtoto atazaliwa na kasoro? Atarithi?

Watoto wa waliopona saratani, mimba ikiingia baada ya muda wa kusubiri, hawajaonekana kuwa na kasoro za maumbile zaidi ya watoto wengine. Mionzi ya mashine haibaki mwilini mwako ikamngoja mtoto.

Kurithi ni jambo jingine. Saratani nyingi hazirithiwi. Kwa saratani ya titi, ni kama 5 hadi 10 katika kila 100 zinazotokana na jeni iliyorithiwa, kama BRCA1 na BRCA2, na mwenye jeni hiyo humpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Waliougua saratani ya jicho utotoni, hasa macho yote mawili, nao ni nusu kwa nusu, na mtoto wao lazima aangaliwe macho tangu siku za kwanza za kuzaliwa. Hilo halikukatazi kuzaa. Linakupa kazi ya kufanya.

Nitanyonyesha?

Ndiyo, kama hujarudia vidonge vya kuzuia homoni na titi moja lipo salama. Titi lililopigwa mionzi hutoa maziwa kidogo au halitoi kabisa. Titi moja linatosha; mama wa mapacha anajua. Nimechoka na mabibi wanaosema maziwa ya aliyeugua kansa yana sumu. Hayana. Ila tamoksifeni na kunyonyesha haviendi pamoja, kwa hiyo panga na daktari utanyonyesha miezi mingapi kabla ya kurudi kwenye dawa.

Nimeshashika mimba na bado niko kwenye dawa.

Nenda wiki hii. Usijifiche, usiache dawa zote kwa hofu, usinunue kitu cha kutoa mimba dukani. Kutoa mimba hakujaonekana kuongeza nafasi ya kupona saratani ya titi. Kulingana na dawa uliyokuwa ukitumia na umri wa mimba, yapo mengi ya kufanya. Hata kemo kadhaa hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, na watoto wakazaliwa wazima.

Aliyeugua ni mume wangu.

Mimba yako haina hatari ya ziada kwako. Mbegu za kiume hutengenezwa kwa takriban siku 74, lakini baada ya kemo madaktari hutaka msubiri zaidi ya hapo, mara nyingi miezi 6 au zaidi, mkitumia kondomu. Akapime mbegu. Hilo la mwisho nalisema kwa wifi na mama mkwe pia, kwa sababu nimeona mke akisakamwa miaka 4 ilhali aliyepata kemo ni mume.

Familia inanisukuma nizae. Mimi naogopa.

Hofu yako nayo ni jibu. Mtu aliyepona anaruhusiwa kusema imetosha. Mkiweza, nendeni kwa daktari pamoja na mume, na mwombe daktari aseme mbele yake yale ambayo ukiyasema wewe yanaitwa visingizio.

Nibebe nini siku ya kumwona daktari?

Karatasi moja, hata ya daftari. Aina ya saratani na hatua yake, majibu ya kinyama kilichopimwa, majina ya dawa na idadi ya mizunguko, sehemu iliyopigwa mionzi, tarehe ya dozi ya mwisho, umri wako. Ipige picha kwa simu. Ukishashika mimba, mwambie mkunga siku ya kwanza, kabla ya kupimwa uzito, na ahakikishe imeandikwa kwenye kadi kwa kalamu inayosomeka. Ikiwa huko nyuma uliondolewa wengu, liandikwe pia: malaria kwako ni dharura ya usiku huohuo, haisubiri asubuhi.